Maiki ya gitaa kavu: kabla hujatoa hela sikiliza chumba chako

Mambo vipi wadau, karibuni tena, leo nipo hapa hapa geto Ngamiani, Tanga, gitaa mapajani, na tunamaliza ule ubishi wa maiki gani ununue kama unataka kurekodi gitaa kavu nyumbani. Nikisema gitaa kavu ni hili lisilochomekwa popote, wazee wanaliita galatoni, jina lenyewe limetoka kwenye Gallotone, magitaa ya Afrika Kusini, na hata John Lennon wa Beatles alianzia na Gallotone ya bei rahisi, kwa hiyo la kwako kama limechoka usione aibu. Vaa iafoni kabisa, kuna vitu ntakusikilizisha ambavyo kwa spika ya simu huvipati.

Haya, cha kwanza kabisa hata dukani hujaenda. Chukua simu yako, fungua rekoda, iweke pale utakapokaa na gitaa, afu kaa kimya dakika nzima, usikohoe, usijikune. Ukimaliza sikiliza. Hii ya kwangu nilirekodi jana kama saa kumi jioni, sikiliza... umesikia? Huo mvumo wa chini ni pangaboi. Hiyo tak, tak-tak ni bati, jua likianza kushuka bati linapoa na kulia lenyewe. Kengele ya baiskeli hapo, ndo Tanga hiyo. Na kunguru bana, hao ndo wenye mji. Sasa elewa kitu kimoja, maiki nzuri haikuondolei hivi vitu, inakuletea vizuri zaidi, na hapa ndo watu wengi wanapopigwa, mtu kajibana miezi minne kanunua maiki ya maana, anarekodi, anasikia jirani anakuna nazi, anaanza kusema maiki mbovu.

Kwa hiyo mi narekodi usiku, kuanzia saa tano hivi mpaka kabla ya adhana ya alfajiri, pangaboi nimezima, jasho linanitoka lakini ndo ivo. Na godoro nalisimamisha ukutani nyuma yangu, nyuma yangu mimi, sio nyuma ya maiki. Kwa nini? Maana maiki nyingi za kurekodia ni kadioidi, zinasikia zaidi kule zinakotazama, na inakotazama upo wewe na huo ukuta wako. Trei za mayai achana nazo, hazizuii bodaboda hata moja.

Sawa, umeshajua chumba chako, twende kwenye maiki zenyewe. Kuna makundi mawili ya kukuumiza kichwa, dainamiki na kondensa.

Dainamiki ndo hizi unazoziona jukwaani, Shure SM58 ya kuimbia, na ndugu yake SM57, zipo tangu miaka ya 60 na bado zinauzwa. Ngumu, hazidai umeme, hata ikidondoka unaokota unaendelea. Tatizo kwa gitaa kavu ni moja, inatoa umeme mdogo sana. Ukisoma karatasi yake, SM57 inatoa kama milivolti 1.6, wakati kondensa ya kawaida tu kama Audio-Technica AT2020 kwa sauti ile ile inatoa kama 14. Karibu mara 9. Sasa ukipiga kwa vidole, taratibu, unafungua geni, ile swichi ya kuongeza nguvu ya maiki, mpaka mwisho, na intafesi yako, kile kiboksi cha kuunganisha maiki na kompyuta, nayo inaanza kupumua shhhhh. Na utasikia watu wanasema dainamiki haisikii kelele za nje, hiyo ni nusu kweli nusu stori, inasikia, ila wengi wanaiweka karibu sana ndo maana gitaa linazifunika.

Kondensa ndo ninayokushauri kwa gitaa kavu kama unaweza kurekodi pakiwa kimya. Hii inashika ule mlio wa kidole kikitelezea waya, ile kucha, yote. Lakini inadai umeme, volti 48, wanaita fantomu pawa, unaipata kwenye intafesi kwenye kitufe kimeandikwa 48V. Hapa mi niliwahi kuliwa. Maiki yangu ya kwanza niliagizia Dar, jamaa kaniambia kondensa ya studio, imekuja na waya ambao huku XLR, ile plagi nene ya maiki, huku pini ndogo kama ya iafoni, eti chomeka kwenye laptopu. Nikachomeka. Gitaa linasikika kama lipo ndani ya pipa la maji afu mtu anamimina mchanga juu yake. Wiki nzima nahangaika na programu nikidhani mimi ndo sijui. Kwa hiyo ukiona kondensa ya XLR inauzwa na waya wa pini ndogo peke yake, hesabu na hela ya intafesi au usinunue.

Ukishika boksi la kondensa, namba moja ya kutafuta ni kelele yake yenyewe, yaani maiki inavuma kiasi gani hata kama hakuna anayepiga chochote. Ndogo ndo nzuri. AT2020 ni desibeli 20, Rode NT5 ni 16, Rode NT1-A ni 5. Kama we ni wa rizimu, unapiga na piki, unakwangua kisawasawa, hiyo 20 hutaijua hata kama ipo. Kama ni wa vidole, wa kubembeleza, utaisikia kila ukinyamaza. Mengine yaliyoandikwa kwenye boksi, sijui inafika kilohezi 20, karibu zote zinaandika hivyo hivyo, pita.

Afu kuna ukubwa wa kiwambo, kile kingozi chembamba cha ndani kinachotikisika. Hizi nyembamba kama penseli zina kiwambo kidogo, zinawahi, kila waya unausikia peke yake. Hizi nene zina kiwambo kikubwa, zinajaza sauti. Mi ushauri wangu, kama ni gitaa tu, chukua penseli. Kama unaimba pia, chukua nene moja, itafanya kazi zote mbili. Na tafadhali sana usinunue mbili mbovu kwa ajili ya stirio wakati hela yako ingetosha moja nzuri.

Feki sasa. Zimejaa, hasa za Shure. Nenda na maiki kwa muuza viungo mwenye mizani ya kidijitali, mwombe kistaarabu. SM57 ni gramu 284, SM58 ni gramu 298, bila waya. Ikiwa nyepesi kama ya kuchezea watoto rudisha. Na SM58 ya kawaida haina swichi ya kuwasha na kuzima, yenye swichi inaitwa SM58S, kwa hiyo ukiona swichi na boksi linasema SM58 tupu, anza kuuliza maswali.

Sasa tuitege. Angalia mkono wangu hapa. Kosa la kila mtu ni kuielekeza kwenye tundu la gitaa, maana tunaona sauti inatokea pale. Sikiliza, napiga G... booom, kama ngoma imepasuka. Tundu ndo linatoa besi nyingi, na kadioidi ikiwa karibu nayo inaongeza besi yake, zimekutana. Sasa nasogeza, maiki iangalie freti ya 12, pale shingo inapokaribia mwili, umbali shibiri moja na kidogo, kama sentimita 25. G ile ile, mkono ule ule... umeona? Waya wa juu umetoka, besi ipo lakini imetulia. Ukitaka mnene zaidi igeuze kidogo tu kuelekea tundu, kidogo, upana wa kidole, rekodi, sikiliza, ndo ugeuze tena. Geni weka ili ukipiga kwa nguvu kabisa isizidi desibeli -12 hivi kwenye mita ya programu, usiogope ikionekana fupi kwenye skrini, rekodi bit 24.

Na ukishamaliza, kata sauti zote chini ya hezi 70. Waya mnene kuliko wote ukiwa umetyuni kawaida unaanzia hezi 82, kwa hiyo huko chini hakuna gitaa, kuna mvumo wa umeme wa hezi 50 na lori lililopita barabarani.

La mwisho na hili ni letu sisi wa pwani. Masika moja nilisahau maiki kwenye stendi karibu na dirisha, upepo wa bahari unaingia siku kama tano mfululizo. Nimewasha, inalia chrr chrr chrr kama mtu anakaanga bagia. Unyevu umeingia kwenye kiwambo. Nikaifungia siku tatu na vile vifuko vya punje za kukausha, vile unavyokuta kwenye boksi la viatu, ikarudi, bahati yangu tu. Tangu hapo usione ajabu hili kopo la maziwa ya unga hapa mezani, maiki inalala humu, na vifuko kama kumi hivi, mfuniko umebanwa, na nikizima tu kamera inarudi humo humo.