Mtoto amepona kansa, karatasi yake iko wapi?

Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili: mtoto aliyetibiwa kansa kwa mionzi aondoke na karatasi ya rekodi ya matibabu yake. Vumilieni, nitalisema tena.

Nianze na mapunye. Ndiyo, mapunye, chekeni tu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, Israel ilitibu maelfu ya watoto wahamiaji kwa kuwapiga mionzi kichwani ili nywele zinyonyoke pamoja na ugonjwa. Vidonge havikuwapo bado. Ubongo ulipata wastani wa grei 1.5 hivi, grei ikiwa kipimo cha dozi ya mionzi. Watoto wakakua, wakaoa, wakasahau. Watafiti walipofuatilia zaidi ya 10,000 kati yao, walikuta uvimbe wa utando wa ubongo na kansa ya thairoidi, ile tezi ya shingoni, zimezidi kuliko kwa wenzao, nyingine zikijitokeza miongo kadhaa baadaye. Walijuaje? Rejista zilitunzwa! Haya, mtoto wetu hapa Nairobi aliyepigwa grei 20 au 30 kifuani kwa limfoma ya Hodgkin, kansa ya tezi za limfu, rekodi yake nani anayo?

Mzazi ana cheti cha KCPE, uliokuwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kimelaminetiwa, kiko chini ya godoro. Muulize ripoti ya mionzi. "Daktari, si ilibaki hospitali?" Ilibaki, ndiyo. Nenda kaitafute baada ya miaka kumi na mitano.

Namsikia mtu huko nyuma akinong'ona kwamba nawatisha watu wakatae mionzi. Hata kidogo! Hodgkin isiyotibiwa inaua. Kansa ya pili, ile inayoweza kuletwa na mionzi miaka mingi baadaye, humpata yule aliyeokolewa kwenye ya kwanza. Wala sizungumzii eksirei ya kifua, dozi yake ni ndogo mno, msije mkaikimbia kwa jina langu.

Kati ya wasichana waliopigwa mionzi kifuani utotoni, takriban 3 kwa kila 10 hupata kansa ya matiti kabla ya kufika miaka 50. Ndiyo maana miongozo ya Marekani inataka mamogramu (eksirei ya matiti) na MRI (picha ya mashine ya sumaku) kila mwaka kuanzia umri wa miaka 25, au miaka 8 baada ya mionzi, lolote litakalochelewa. Sasa aje kliniki akiwa na miaka 27, mikono mitupu. Ataambiwa, "Wewe bado mdogo, rudi ukifika arobaini." Na nesi hana kosa, angejuaje?

Karatasi moja tu, jamani: sehemu iliyopigwa, dozi kwa grei, mwaka, na dawa alizopewa. Nakala kwa mzazi, picha kwenye simu.

Thairoidi: shingo ipapaswe kila mwaka. Mwenyekiti ananionyesha saa. Ila sigara siiruki. Kifua kilichopigwa mionzi kikiongezewa moshi, hatari ya kansa ya mapafu hupaa. Kijana wa hivyo asivute kabisa, hata shisha ya Ijumaa. Maswali?