Kila Kifurushi Kina Mwenyewe: Mhadhara Kuhusu Wajitolea wa Debian

Shikamooni wakubwa zangu, na habari za jioni nyote. Nashukuru kwa kualikwa. Mmeniomba nizungumzie mfumo endeshi wa seva, nami muda mwingi nitawazungumzia watu walio nyuma yake, kwa sababu miaka yote niliyohudumia seva, mambo mawili makubwa yaliyonikosesha usingizi yalianzia kwenye mazungumzo kati ya mtu na mtu.

Seva ninazozitunza zinatumia mfumo endeshi uitwao Debian. Wengine wenu mnaitumia bila kujua, maana Ubuntu, mfumo mwingine maarufu, imejengwa juu yake. Ilitangazwa tarehe 16 Agosti 1993 na Ian Murdock, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue kule Indiana, Marekani. Jina alilipata kwa kuunganisha la mpenzi wake Debra na lake mwenyewe. Murdock alifariki Desemba 2015, lakini kazi inaendelea: toleo lililotoka Agosti 2025, linaloitwa trixie, lina vifurushi 69,830 vya programu. Hakuna kampuni inayoumiliki mradi huu. Wanachama wenye haki ya kupiga kura ni kama elfu moja, wametapakaa duniani, na wengi wao hawajawahi hata kupeana mkono.

Sasa nani anamtuma nani? Katiba yao, iliyopitishwa 1998, inasema wazi kwamba hakuna anayelazimika kufanya kazi yoyote. Ukipangiwa jukumu usilolitaka, unaliacha. Kinachokatazwa ni kuyahujumu maamuzi yaliyokwisha kufikiwa. Kiongozi huchaguliwa kila mwaka. Mpiga kura huwapanga wagombea kwa namba, na kwenye kura huwapo daima nafasi ya kuwakataa wote. Akishachaguliwa, naye hana uwezo wa kumwamuru mtu akae kwenye kompyuta afanye kazi. Mimi niliyekulia kwenye ofisi zenye mkurugenzi, meneja na msaidizi wa meneja, ilinichukua muda mrefu kuamini kwamba utaratibu wa namna hii unaweza kutoa hata toleo moja.

Kinachoushikilia ni desturi moja ndogo: kila kifurushi kina mwenyewe. Jina la mtunzaji na anwani yake vimeandikwa ndani ya kifurushi, hivyo ukikuta hitilafu unajua wa kumwandikia. Mtunzaji akichoka, au maisha yakimbana, hutangaza, na kifurushi kinaingia kwenye orodha ya yatima mpaka apatikane wa kukilea. Neno hilo, yatima, ni lao wenyewe. Na akinyamaza wakati kuna hitilafu kubwa, mwenzake anaruhusiwa kuweka marekebisho, ila kwa adabu: anatangaza kwanza anachotaka kufanya, na kwa kawaida anasubiri siku kadhaa kabla ya kupakia. Ni kama kupiga hodi kwa jirani. Hata kama umemletea chakula, hodi unapiga.

Wanatambuana kwa funguo za kielektroniki, na ufunguo wako hauaminiwi hadi utiwe saini na wenzio, ambao kwa desturi hutaka kwanza kukuona kwa macho. Nakumbuka mara ya kwanza niliposimama kwenye mstari huo. Mtu aliye mbele yangu ameshika pasipoti yangu. Anaitazama picha, ananitazama usoni, anairudia picha. Mimi nimeshika kipande cha karatasi chenye alama ya kuutambulisha ufunguo wangu, herufi na tarakimu arobaini, nazisoma nne nne, polepole, naye kwa kila kundi anaweka alama ya vema kwa penseli. Tulimaliza, akanirudishia pasipoti kwa mikono miwili. Mkutano wao mkuu wa kila mwaka uliwahi kuja Afrika, Cape Town, mwaka 2016, na nawaombea vijana wetu usafiri wa namna hiyo, kwa sababu watu mliokwisha kuonana hugombana kwa heshima zaidi.

Nirudi kwenye usingizi niliokosa. Mwaka 2006 mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL, programu ya kuficha mawasiliano kwa funguo za siri, aliona programu ya ukaguzi ikilalamikia mistari miwili ya msimbo. Hakukurupuka. Aliwaandikia watengenezaji wa OpenSSL, akaeleza anachofikiria kuondoa, akajibiwa kwamba kama inasaidia kutafuta hitilafu, ni sawa. Ukiyasoma mazungumzo yale leo, unaona mmoja anazungumzia majaribio na mwingine anazungumzia mfumo utakaosambazwa kwa dunia nzima, na hakuna aliyemshtukia mwenzake. Mstari mmoja kati ya ile ndio uliokuwa ukiingiza namba zisizotabirika wakati wa kutengeneza funguo. Ulipoondoka, kilichobaki cha kubadilikabadilika ni namba ya mchakato, yaani namba ambayo kompyuta huipa kila programu inayoendeshwa, ambayo kwa kawaida haizidi 32,768. Kwa karibu miaka miwili, funguo za ssh, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, zilizotengenezwa kwenye Debian na Ubuntu ziliweza kukisiwa zote.

Debian walitangaza tarehe 13 Mei 2008. Usiku wa tangazo nilikuwa kwenye chumba cha seva, kiyoyozi kinanipuliza mgongoni, nafuta ufunguo mmoja mmoja na kutengeneza mwingine, simu za watumiaji zinaita mfululizo. Nilimkasirikia sana mtunzaji yule, mtu nisiyemjua. Siku chache baadaye nikayasoma mazungumzo yake ya 2006, hasira ikaisha. Alikuwa ameuliza. Mimi, ningekuwa mahali pake, sina hakika kama ningeuliza. Na jambo moja liliniingia moyoni: niliweza kuyasoma kwa sababu hayakufichwa. Mkataba wao wa kijamii wa 1997 una ahadi kwamba hawataficha matatizo, na kumbukumbu za hitilafu zote ziko wazi kwa yeyote. Nimefanya kazi kwenye taasisi ambako kosa la namna ile lingezikwa kabla ya jua kuchwa.

La pili ni la 2024, na hilo linaniuma zaidi. Kuna programu inaitwa xz, ya kubana mafaili, iliyoko karibu kila mahali. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja, bila malipo. Mwaka 2022 watu asiowajua walianza kumshinikiza: mbona unachelewa, mwachie mwingine. Alijibu kwamba ana matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, na kwamba hii ni kazi anayoifanya kwa kuipenda tu, asiyolipwa. Pembeni alikuwapo msaidizi mpole aliyejiita Jia Tan, akituma marekebisho mazuri. Mwishowe msaidizi akapewa funguo za nyumba, na mapema 2024 akaweka mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia kompyuta za watu.

Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa PostgreSQL, programu ya hifadhidata, aliyekuwa akipima kasi ya kazi yake kwenye tawi la Debian lisilo thabiti, ambako vitu vipya huingia kwanza. Aliona kuingia kwa ssh kunachelewa kwa nusu sekunde hivi. Nusu sekunde! Hakuipuuza, akachimba, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza. Sumu ilikuwa imekwisha kufika tawi la majaribio, ambako toleo lijalo huandaliwa. Tawi thabiti, ambalo seva zetu zinatumia, lilikuwa salama, maana humo haviingii vitu vipya ila marekebisho ya usalama na ya hitilafu kubwa.

Ndugu zangu, tulizungumza sana habari za nusu sekunde ile. Mimi nawaza miaka miwili iliyotangulia. Makampuni makubwa yalikuwa yanaitumia xz kila siku, na barua zilizomfikia yule mtunzaji zilikuwa za kumkaripia. Mtu mmoja mkweli, mmoja tu, angemwandikia kumuuliza ana mzigo gani apunguziwe, huenda Jia Tan asingepata mlango.

Kesho saa nne asubuhi tutakuwa kwenye chumba hiki hiki. Njooni na kompyuta zenu, na kitambulisho au pasipoti kwa wale wanaotaka kutiwa saini. Tutafungua orodha ya yatima, tuchague kifurushi kimoja kidogo tunachokitumia wenyewe, na kabla ya kugusa msimbo tumwandikie aliyekiacha, tumsalimie, tumuulize kilimshinda wapi.