Ndugu wa Mgonjwa ni Nani?

(Mhadhara uliotolewa kwenye ukumbi wa kanisa, Masasi)

Bwana Yesu asifiwe. Na majirani zetu Waislamu mliofika, asalaam aleikum, karibuni sana. Maneno ya leo yanawahusu na ninyi, mtaona kwa nini.

Nimeombwa nizungumze juu ya imani na kujitia hatarini kwa ajili ya mtu mwingine. Mada hii tumezoea kuianza na simba wa Danieli au tanuru la moto. Mimi nitaanza na daftari la hospitali.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natoka Lindi usiku, msimu wa korosho. Nilipoipita njia panda ya Mnazi Mmoja nikakuta pikipiki imelala katikati ya lami, taa ya nyuma bado inawaka, na kijana yuko majanini, mguu umekaa vibaya. Nilisimama. Hilo naomba liandikwe, maana yanayofuata si mazuri. Kijana wa bodaboda aliyevaa balaghashia naye akasimama, tukambeba majeruhi, tukamlaza kiti cha nyuma cha gari langu. Tulipofika hospitali muuguzi akafungua daftari, akauliza, "Ndugu wa mgonjwa ni nani?"

Mnajua swali hilo limebeba nini. Ndugu wa mgonjwa ndiye anayehangaikia PF3, ile fomu ya majeruhi inayotolewa polisi. Ndiye anayeandikiwa dawa akanunue nje. Damu ikikosekana, ndiye anayeambiwa alete watu wa kutoa. Na mgonjwa akifa, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa: ni wewe uliyemgonga? Nikaangalia saa yangu. Nikasema, "Mimi nilikuwa napita tu." Yule wa balaghashia akasema, "Andika mimi."

Sasa tufungue Luka sura ya 10: mtu amepigwa na wanyang'anyi njiani, kuhani na Mlawi wakampita, Msamaria akasimama. Barabara ya Yerusalemu kwenda Yeriko inateremka kama mita 1,000 kwa mwendo usiofika kilomita 30. Mtu wa Newala, aliyesimama Shimo la Mungu akachungulia bonde, anaelewa mteremko wa namna hiyo: mawe, makorongo, mahali pa mtu kujificha. Kuhani na Mlawi tumewasema mno. Hofu yao ilikuwa na msingi. Aliyelala njiani angeweza kuwa mtego. Msamaria aliposhuka kwenye mnyama wake alihatarisha shingo. Lakini hatari hiyo ilikwisha siku ileile, na mimi pia niliivuka pale Mnazi Mmoja.

Iangalieni siku ya pili. Msamaria anatoa dinari mbili, na dinari moja ni ujira wa kibarua wa siku nzima. Kisha anamwambia mwenye nyumba ya wageni: chochote utakachogharimiwa zaidi, mimi nitakaporudi nitakulipa. Chochote! Nani kati yenu, hata baada ya mnada mzuri wa korosho, anaweza kumwambia mwenye duka la dawa "chochote"? Hakuweka kikomo. Aliacha deni wazi mikononi mwa mtu asiyemfahamu, kwa ajili ya mtu ambaye hata jina lake hatuambiwi. Hapo ndipo imani yetu inapochechemea. Kusimama barabarani tunaweza. Kuandikwa kwenye daftari ndiko kunakotushinda.

Paulo anapomsifu Epafrodito, mjumbe wa kanisa la Filipi, katika Wafilipi sura ya 2, anatumia neno la Kiyunani lenye harufu ya kamari: mtu aliyeiweka roho yake mezani kama mcheza kamari anavyoweka fedha. Kwenye mji wa Aleksandria, Misri, palikuwa na chama cha Wakristo walioitwa parabolani, jina linalofanana na neno hilohilo, na kazi yao ilikuwa kuuguza wagonjwa ambao wengine waliwakimbia. Mwaka 416 sheria ya dola ikawawekea kikomo wasizidi 500. Miaka miwili baadaye wakaruhusiwa 600. Kwa nini kikomo? Kwa sababu walikuwa wamegeuka kuwa kama jeshi la mtaani la askofu, watu wanawaogopa. Ujasiri nao huharibika, hasa ukianza kujipenda.

Kwa hiyo vijana, sisemi mjitupe tu. Asiyejua kuogelea akirukia Ruvuma kumwokoa mwenzake, tutachimba makaburi mawili. Shetani naye alimwambia Yesu ajirushe kutoka juu ya hekalu, na Yesu alikataa.

Na hapa Masasi tulipokaa tusijifanye hatuijui habari hii. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alifika hapa akitokea Unguja kwa njia ya Lindi, akiwa pamoja na watu waliokuwa watumwa kisha wakaachiwa huru. Vitabu humtaja askofu kwanza. Mimi huwafikiria zaidi wale wengine. Askofu angeweza kurudi Unguja, na alirudi. Wao walikuwa wametoka kwenye minyororo, na sasa wanajenga nyumba kwenye nchi ambayo misafara ya watumwa bado inapita kuelekea pwani. Kwao "chochote" ilikuwa shingo na watoto wao. Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa hapa Magwangwara, wakaivamia misheni. Wako waliouawa na wako waliochukuliwa mateka. Kanisa tunalosali limeanzia kwa watu hao, na majina ya wengi wao hatuyatamki hata siku ya kumbukumbu.

Wazee wangu hapa mnakumbuka pia vita ya Msumbiji, kuanzia 1964, watu wakivuka Ruvuma na mafurushi kichwani. Wengine walipokewa kwenye nyumba zenye debe moja la mihogo. Hakuna aliyejua vita itakwisha lini. Waliopokea walipokea bila tarehe.

Mama pale nyuma ananyoosha mkono. Unauliza kama yule kijana wa pikipiki alipona.

Sijui, mama. Sikurudi.