Maktaba Ipo Wapi? Kusoma Kosa Kabla ya Kusakinisha Chochote

Wenzangu, karibuni. Aliyewahi kuendesha programu kutoka kwenye msimbo chanzo ndani ya Linux hakosi kuifahamu sentensi hii: "error while loading shared libraries", ikifuatwa na jina la faili lenye .so katikati. Faili hiyo ni maktaba, yaani msimbo ulio tayari ambao programu nyingi huutumia kwa pamoja. Wengi wetu papo hapo hukimbilia kunakili amri yoyote ya kusakinisha. Naomba tusubiri kidogo. Kompyuta imeshakutajia faili inayokosekana; sasa ulizia nani anaitafuta, na anaitafuta wapi.

Kwanza tambua umekwama hatua gani. Kompaila, yaani chombo kinachogeuza msimbo chanzo kuwa programu, ikisema haioni gtk/gtk.h, umekosa faili za vichwa, zile zinazoieleza kompaila yaliyomo ndani ya maktaba. Kwenye Debian na Ubuntu hizo hukaa katika kifurushi kinachoishia na -dev, hapa libgtk-3-dev. Ukiona "cannot find -lz", kompaila imemaliza na kuunganisha programu na maktaba ndiko kumeshindikana: sakinisha zlib1g-dev. Mtu atasema, mbona zlib1g ninayo? Unayo, ila ndani yake mna libz.so.1 tu. Kiungo kiitwacho libz.so, kisicho na namba, huja na kile cha -dev.

Programu ikijengeka vizuri kisha ikagoma kufunguka, hapo ndipo penye kazi yetu ya leo. Chukua programu ya Python inayotumia PySide6, yaani Qt, maktaba ya kutengeneza madirisha, kwa watumiaji wa Python. Pip, kisakinishi cha Python, imemaliza bila lawama, unaendesha python main.py, unajibiwa:

Could not load the Qt platform plugin "xcb" in "" even though it was found.

Imepatikana, lakini haikupakiwa. Maneno yanaonekana kupingana, kumbe ni ya kweli kabisa. Programu-jalizi ya xcb, inayoiwezesha Qt kuonyesha madirisha kwenye Linux, ipo; kilichokosekana ni maktaba ambayo yenyewe inaitegemea. Pip huleta Qt, haileti kila maktaba ya mfumo, kwa hiyo hata ukisakinisha PySide6 mara tano utarudi palepale. Itafute faili, kisha uiulize inahitaji nini kwa ldd, amri inayoorodhesha maktaba ambazo faili inazitegemea:

find .venv -name libqxcb.so
ldd njia/ya/libqxcb.so | grep "not found"

Mara nyingi itatoka libxcb-cursor.so.0, kwa kuwa tangu Qt 6.5 maktaba hiyo ni ya lazima. Kwenye Ubuntu ni sudo apt install libxcb-cursor0. Kwenye Fedora kifurushi kinaitwa xcb-util-cursor. Kama ldd haina la kusema, endesha QT_DEBUG_PLUGINS=1 python main.py, na usiishie kusoma mstari wa mwisho: sababu halisi huwa imeandikwa juu zaidi.

Jina la kifurushi usilibahatishe. Sakinisha apt-file, inayokuambia faili fulani imo katika kifurushi gani, endesha sudo apt-file update, kisha apt-file search libxcb-cursor.so.0. Kwenye Fedora ni dnf provides '*/libxcb-cursor.so.0'.

Kuna nyakati faili ipo, unaiona kwa macho yako ndani ya /usr/local/lib, na bado programu inakana. Umeijenga mwenyewe kwa make install, lakini orodha ya mfumo haijasasishwa. Endesha sudo ldconfig, kisha hakikisha kwa ldconfig -p | grep na jina la maktaba. Fedora haiitazami /usr/local/lib kwa kawaida, hivyo andika njia hiyo katika faili mpya ndani ya /etc/ld.so.conf.d/ kwanza. LD_LIBRARY_PATH, inayotaja folda za ziada za kutafutia maktaba, inafaa kwa jaribio la mara moja. Ukiiweka ndani ya .bashrc, faili inayosomwa kila ufunguapo terminali, kila programu utakayoiendesha kutoka terminali itabebeshwa maktaba hizo, na nyingine zitavunjika bila sababu ya wazi.

Sasa jambo ninalowasihi mliache. Programu inataka libssl.so.1.1, maktaba ya OpenSSL ya mawasiliano salama, Ubuntu 22.04 ina libssl.so.3, na mtu anashauri utengeneze kiungo kwa ln -s ili ya pili ijiite ya kwanza. Usifanye. Namba ile ikibadilika, maana yake mapatano kati ya maktaba na programu yamebadilika. Utaambiwa toleo OPENSSL_1_1_0 halipo, na utakuwa umeongeza kosa juu ya kosa. Msimbo chanzo si unao? Futa folda ya build, sakinisha libssl-dev, ujenge upya dhidi ya OpenSSL 3. Msimbo ukigoma kujengeka, tafuta toleo jipya la programu hiyo, maana OpenSSL 1.1.1 iliacha kupewa marekebisho ya usalama kwa umma tangu Septemba 2023.

"Wrong ELF class" ni jambo jepesi: maktaba ni ya biti 32 na programu ni ya biti 64, au kinyume chake.

Na kama hujaiamini programu yenyewe, usiitumie ldd juu yake, kwani katika hali fulani ldd huweza kuiendesha. Tumia objdump -p jina | grep NEEDED. Utapata majina ya maktaba zinazotajwa na faili hiyo moja tu, si zile zinazotegemewa na maktaba hizo, kwa hiyo huenda ukairudia amri kwa kila moja.

Terminali iko wazi hapa mbele. Mwenye programu inayomgomea ailete tuisome pamoja.