Namna ya Kusafisha Hesi za Stadi za Hedi kwenye Bloku ya Injini

Karibu, ndugu mtazamaji. Bloku unayoiona hapa mezani imetoka kuchongwa uso wake wa juu, imeoshwa kwa dawa ya kuondolea grisi, na ukiitazama kwa mbali utadhani iko tayari kufungwa. Sasa nielekeze tochi ndani ya tundu hili la kwanza la stadi ya hedi, yaani chuma chembamba kinachosimama kwenye bloku na kufungwa nati juu ili kuibana hedi, kile kifuniko cha juu cha silinda. Unaona vumbi jeusi lililoshikamana na oili, mabaki ya gundi ya zamani, na kutu kidogo karibu na kitako. Leo tutayasafisha matundu haya yote, moja baada ya jingine, kabla ya kuweka stadi hata moja.

Kwanza nieleze kwa nini kazi hii haipaswi kuharakishwa. Kwa injini inayofungwa kwa boliti, uchafu ndani ya hesi, yaani mifereji ya kuzunguka iliyochongwa kwenye kuta za tundu, huharibu moja kwa moja kipimo cha spana ya toki, kwa sababu spana hiyo hupima ugumu wa kuzungusha na wala haipimi jinsi boliti inavyovutika. Hata hesi zikiwa safi na zenye mafuta, takriban asilimia 90 ya nguvu unayoitia huishia katika msuguano, na ni kama asilimia 10 tu inayobaki kwa ajili ya kuibana hedi. Kwa hiyo uchafu kidogo ukiongeza msuguano, spana itakuonyesha kipimo sahihi ilhali hedi haijabanwa ipasavyo. Kwa stadi, madhara huja kwa njia nyingine. Nati huzunguka juu, mbali na bloku, lakini stadi iliyokwama kwenye uchafu haifiki kina chake, hivyo hushikwa na hesi chache kuliko ilivyokusudiwa, na uchafu huo ukisagika baada ya injini kupata joto, stadi hulegea na gasketi, ile karatasi ya kuzibia iliyo kati ya hedi na bloku, hupoteza mbano wake.

Tuanze kwa kuilinda bloku. Ziba njia za oili na za maji kwa vitambaa safi visivyoacha nyuzi, kisha funika silinda zote. Hesabu vitambaa unavyoingiza na uandike idadi yake, kwa sababu kitambaa kimoja kilichosahaulika ndani ya njia ya oili kinaweza kuiua injini mpya kabla haijazoea kazi.

Baada ya hapo, yafahamu matundu yako. Yapo yenye kitako, na yapo yanayotokeza hadi kwenye njia za maji ya kupozea. Tofauti hii itaamua namna utakavyoifunga stadi mwishoni. Chukua kipimo cha kina, au waya ulionyooka wenye alama, upime kila tundu na kuandika jibu kwa chaki pembeni yake. Matundu ya aina moja yanapaswa kulingana. Hapa tundu la nne ni fupi kwa milimita 6 kuliko wenzake, na hiyo ni dalili kwamba kuna uchafu ulioshindiliwa chini kabisa, ambao macho peke yake yasingeuona.

Sasa nyunyiza dawa ya kusafishia breki ndani ya tundu, iache dakika chache ilainishe uchafu, kisha ingiza brashi ndogo ya mviringo ya nailoni au ya shaba nyeupe na uizungushe hadi chini. Fanya kazi hii mahali penye hewa, mbali na moto wa aina yoyote. Usiruke hatua hii kwa kufikiri kwamba chombo kitakachofuata kitamaliza kila kitu, maana mchanga ukiachwa ndani utasagwa kati ya vyuma na kuzila hesi zenyewe.

Tumefika kwenye jambo ambalo mafundi wengi hulikosea, nami nalisisitiza kwa dhati: usitumie tepu ya kukatia hesi. Tepu imeundwa kukata chuma, na ikipita katika hesi iliyokwisha kutengenezwa hukwangua kuta zake, hata kama ni kidogo, na kuiacha stadi ikicheza. Tumia kifaa cha kusafishia hesi, ambacho huondoa uchafu na kunyoosha ncha zilizolala bila kukata chuma kizima. Hakikisha kipenyo na umbali kati ya hesi moja na nyingine vinalingana, kwa kutumia geji ya hesi. Boliti ya milimita 10 inaweza kuwa na hesi za milimita 1.25 au 1.5, na ukikosea kati ya hizo mbili kifaa kitaingia mizunguko michache kama kwamba kinafaa, kisha kitakaza na kuanza kuharibu.

Ukikosa kifaa hicho, unaweza kukitengeneza kutokana na boliti ya zamani ya injini hiyohiyo. Kwanza zungusha nati mpya kwa vidole kwenye hesi zake zote. Ikikwama popote, boliti hiyo imevutika na haifai. Iliyo nzima ibane kwenye jiliwa, ikate mifereji mitatu au minne ya kwenda chini kwa diski nyembamba, chonga ncha yake iwe nyembamba kidogo, kisha ondoa makali yote kwa tupa. Mifereji hiyo ndiyo itakayobeba uchafu badala ya kuusukuma chini.

Paka kifaa mafuta mepesi na ukisimamishe wima juu ya tundu. Kizungushe kwanza kinyume, polepole, mpaka usikie kikishuka kidogo; hapo ndipo hesi zimekutana, nawe unaweza kuanza kukizungusha mbele kwa mkono. Nenda nusu mzunguko, rudi robo, na kila ukihisi kinakuwa kizito kitoe chote, kifute, puliza tundu, kisha endelea. Bunduki ya kukazia nati haina nafasi katika kazi hii, na kwenye bloku ya aluminiamu uangalifu uwe maradufu kwa kuwa hesi zake ni laini. Kikitoka na vipande vya chuma vyenye umbo la hesi, acha hapo: tundu hilo linahitaji kutiwa hesi mpya ya kupachikwa, na toboo lake lazima liwe wima kabisa kwa uso wa bloku, kazi inayostahili kufanywa kwa mashine.

Vaa miwani ya kinga sasa, na usiivue mpaka tumalize kupuliza. Nyunyiza dawa tena, ingiza mrija mwembamba wa kompresa hadi kwenye kitako ili hewa ipandishe uchafu kutoka chini, na uzungushie kitambaa mdomoni mwa tundu. Kisha zungusha kitambaa cheupe kwenye kijiti na ukipitishe ndani. Rudia mpaka kitoke kikiwa cheupe na kikavu. Nasema kikavu kwa sababu maji au mafuta yaliyobaki katika tundu lenye kitako hayabanwi, na boliti inapokazwa juu yake huyasukuma kama pistoni. Niliwahi kushuhudia bloku ya chuma cha kusubu ikipasuka kutoka tunduni hadi kwenye njia ya maji kwa sababu hiyo, na fundi alikuwa amemaliza kila kitu kingine vizuri.

Pima kina upya. Tundu la nne sasa linalingana na wenzake. Weka rula ya chuma juu ya mdomo wa kila tundu pia, kwani hesi ya kwanza huweza kuvutwa juu na kuacha kivimbe kinachoinua gasketi. Kikiwepo, kilainishe kidogo sana kwenye ukingo.

Toa vitambaa huku ukivihesabu, osha bloku nzima kwa maji ya moto na sabuni, ikaushe kwa hewa na kupuliza tena kila tundu, kisha paka kuta za silinda oili mara moja, kwani chuma kitupu huanza kushika kutu ndani ya dakika chache.

Mwisho, safisha stadi zenyewe na uzijaribu zikiwa kavu. Kila moja inapaswa kushuka kwa vidole hadi mwisho, na ncha za juu za stadi zote kusimama kwa urefu mmoja. Zitoe, kisha zile za matundu yanayotokeza kwenye maji zipake gundi ya kuzibia hesi, na nyingine tone dogo la oili. Zirudishe kwa nguvu ya mkono tu, isipokuwa mtengenezaji ameagiza vingine, na uifunike bloku kwa plastiki safi mpaka wakati wa kuweka gasketi.