Uzi wa Merikani: Kaskazini na Kusini kabla ya vita vya 1861

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kuja.

Nimekuja na kitambaa. Kipokezaneni, kila mmoja akishike. Ni merikani, kile kizito cha rangi ya maziwa ambacho mama zetu walishonea foronya. Jina lake linasema kilikotoka. Sayyid Said alifunga mkataba na Marekani mwaka 1833, na merikebu za Salem, Massachusetts, zikawa zinakuja Unguja kuchukua pembe za ndovu na sandarusi, zikishusha kitambaa hiki. Kilifumwa huko Kaskazini, katika miji kama Salem na Lowell. Lakini Massachusetts ni nchi ya baridi, pamba haioti. Pamba ilitoka Kusini: Georgia, Alabama, Mississippi. Ilichumwa na watumwa.

Tuanze Lowell. Kengele inalia kabla jua halijachomoza. Wasichana waliotoka mashambani wanatoka kwenye mabweni ya kampuni kwenda kufanya kazi ya saa 12 au 13. Madirisha yamefungwa ili unyevu usitoke na nyuzi zisikatike, kwa hiyo wanavuta vumbi la pamba mchana kutwa. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani ile ilikuwa pepo. Hata hivyo, mwaka 1834 waliposikia ujira wao unapunguzwa, waligoma. Wakatoka, wakaandamana barabarani. Mgomo haukufaulu, lakini aliyechoka aliweza kufunga mzigo wake akarudi kwao.

Sasa twende Mississippi. Ndugu zangu wa Mwanza na Shinyanga mnalijua tumba la pamba: likikauka, ncha za ganda lake huchoma vidole. Mchumaji anaburuta gunia refu begani tangu asubuhi. Jioni gunia linatundikwa kwenye mizani, na pamba ikipungua, anachapwa. Huyu hana pa kurudi. Mwanawe anaweza kuuzwa kesho ili kulipa deni la bwana, na katika majimbo mengi ya Kusini kumfundisha kusoma lilikuwa kosa la jinai.

Mwaka 1793 Eli Whitney alitengeneza mtambo wa kuchambua pamba. Kazi ya kutenganisha mbegu na nyuzi, iliyomchosha mtu siku nzima kwa nusu kilo tu, ikawa nyepesi. Ungedhani watumwa wangepumua. Badala yake pamba ikawa na faida kubwa mno, mashamba yakapanuka kuelekea magharibi, na watumwa waliokuwa kama 700,000 mwaka 1790 wakakaribia milioni 4 kufikia 1860. Mtambo uliharakisha uchambuaji. Kuchuma kulibaki kazi ya vidole.

Basi tajiri wa Kusini akipata fedha alinunua nini? Ardhi na watu. Wanahistoria wanakadiria kwamba bei ya watumwa wote mwaka 1860 ilizidi thamani ya reli na viwanda vyote vya Marekani vikijumlishwa. Hapo ndipo mtaji wa Kusini ulipofungwa: katika miili ya watu. Kaskazini wakati huo ilikuwa na theluthi mbili za reli za nchi, shule nyingi za umma, na bandari zilizopokea wahamiaji kutoka Ireland na Ujerumani. Mhamiaji maskini angekwenda Kusini kutafuta ujira gani, mahali ambapo kazi ilifanywa bila ujira?

Mara nyingi tunafundishwa kwamba vita vile vya Kaskazini na Kusini vilikuwa vya viwanda na kilimo. Mimi sikubaliani. Kaskazini yenyewe karibu watu 4 katika kila 10 wa nguvu kazi walikuwa wakulima, na mkulima wa ngano wa Ohio hakuwa na ugomvi na Lowell. Kusini nako kulikuwa na viwanda. Kiwanda cha chuma cha Tredegar, Richmond, kilitumia watumwa. Mafundi weupe walipogoma mwaka 1847 kupinga jambo hilo, walifukuzwa. Ni kweli pande hizi zilizozana juu ya ushuru wa forodha, hasa baada ya 1828, lakini bunge lilipata njia ya kuupunguza. Suala la umiliki wa binadamu halikupata njia.

Pamba huchosha ardhi, na wenye mashamba walitaka ardhi mpya ili waende huko na watumwa wao. Kansas ikamwaga damu juu ya hilo baada ya 1854. Mwaka 1858 seneta James Henry Hammond wa South Carolina alitamba kwamba pamba ni mfalme, na kwa biashara alikuwa na hoja: pamba ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya bidhaa zote zilizouzwa nje. Abraham Lincoln, aliyetaka utumwa usienee kwenye ardhi mpya, akachaguliwa rais Novemba 1860. Desemba 20 South Carolina ikajitenga na Marekani.

Na sisi hatukuwa watazamaji safi. Karafuu za Unguja na Pemba zilichumwa na watumwa miaka hiyo hiyo.

Vita vilipoanza Aprili 1861, pamba ya Kusini ilikatika, na shehena za Salem zikapungua hapa Unguja. Wafanyabiashara wakageukia nguo za Uingereza na za India. Mteja alipofika dukani aliendelea kuomba merikani.