Ukirudi Kenya, nani atatuma pesa?

Haya jamani, habari za jioni, mkae mkae, chai itaendelea tu huko nyuma. Nimeambiwa niongee kuhusu kurudi nyumbani na najua wengi mmekuja na maswali ya kontena na gari na paspoti, tutafika huko, lakini mniruhusu nianze na ile kitu watu hawaulizi kwa sauti. Siku ukirudi, nani atatuma pesa?

Manake mwaka 2024 pekee Wakenya wa majuu walituma karibu dola bilioni 5, hiyo ni hesabu ya Benki Kuu, na kama nusu hivi ilitoka hapa Marekani. Hizo bilioni ni nyinyi. Ni karo ya mtoto wa dadako, dawa za presha za mama, mchango wa matanga, mabati, ile "anti nisaidie na kitu kidogo" inaingia saa tisa usiku kwa sababu mpwa wako hajui saa za Dallas. Sasa ukipanda ndege ya kurudi, mshahara umekatika, lakini kwa familia wewe bado ni mtu wa majuu, na tena umesogea karibu, hawahitaji hata kupiga simu, wanabisha mlango. Na mlioondoka kabla ya 2007 hamjui M-Pesa imefanya nini, zamani ungesema benki imefungwa mpaka Jumatatu, siku hizi utasema nini na simu iko mkononi? Nimeona watu wamerudi na akiba ya maana, ikaisha haraka, na hakuna aliyewaibia hata shilingi. Walikuwa wanatoa tu, huku na huku, kwa kuona aibu.

Kwa hivyo waambie mapema. Na usiandike kwa grupu ya Watsapu, mpigie mzazi, mpigie kaka mkubwa, sema nikirudi kazi itakuwa imeisha, hiki nitaendelea nacho na hiki siwezi. Watanuna. Wacha wanune ukiwa bado Boston, ni afadhali kuliko wanune mkiwa boma moja. Mimi ningebaki na matibabu ya wazazi, hiyo usiguse. NHIF, ile bima ya afya ya serikali, haiko tena, tangu Oktoba 2024 ni SHA, na mtu asiye na mshahara anakadiriwa kwa mapato, asilimia 2.75, kima cha chini shilingi 300 kwa mwezi na analipa ya mwaka mzima mara moja. Wasajili na uwalipie ukiwa bado na kazi, halafu ukifika ujisajili wewe mwenyewe, usisahau.

Makaratasi sasa. Kama uliapa uraia wa huku kabla ya katiba ya Agosti 2010, ule wa Kenya ulikutoka, si ati unao tu kwa sababu umezaliwa Kisii. Kifungu cha 14 kinakupa haki ya kuurudisha lakini mpaka uombe, wengi hawaombi, wanaingia kama watalii kwa shamba la baba yao. Na hapo ndipo shida, maana asiye raia hawezi kumiliki ardhi zaidi ya lisi, yaani kukodishiwa, ya miaka 99, sasa mkianza kugawana urithi na kuna ndugu alikununia juu ya zile pesa, si unaona atashika wapi? Walioapa baada ya hapo hawakupoteza kitu. (Isipokuwa nyinyi mnaotaka ugavana, naona mmoja anacheka pale, uraia wa pili utauacha kwanza.)

Nyumba sitaongea sana. Kodisha nyumba kwanza, kaa, ujue maji yanakuja siku gani, ndio ujenge ukiwa umesimama hapo na fundi.

Haya, gari, naona mikono. Mnaweza kuingiza moja bila ushuru mkiwa mnarudi kukaa, lakini uwe umeishi nje angalau miaka 2, na katika hiyo miaka 2 zile safari zako za kwenda kusalimia zisizidi siku 90 zote pamoja, gari uwe umelimiliki na kulitumia mwaka mzima, na lisiwe limepita miaka 8. Mama wa kitambaa cha kijani anauliza la kwake lina usukani kushoto. Hilo halitaingia, mama, Kenya ni usukani wa kulia. Unaruhusiwa kuliuza huku na ununue la kulia lisilozidi thamani ya lile, sasa weka karatasi zote za kununua na za kuuza, KRA, watu wa ushuru, watazitaka. Na ukiniuliza mimi, pesa ya hilo gari ingekulipia kodi ya nyumba mwaka mzima na zaidi, lakini najua utalipeleka tu. Haya, mwingine, wewe kijana hapo mbele.